Kushoto kwa Kopo

Leseni imo mfukoni, na afande wa zamu
ameihesabu risasi moja moja
kama mama muuza mayai wa Kinyanambo:
ishirini. Si kumi na tisa, si ishirini na moja.
"Na maganda yarudi," kasema,
bila kuinua macho kwenye daftari.

Mimi ni fundi cherehani, lisemwe hilo mapema.
Sijawinda. Hata kuku wa sikukuu humchinja shemeji.
Ila chuma cha kale kikikwama,
vidole vyangu havilali.

Ilikuja imevaa kutu kama koti la mtumba,
kitako kimefungwa waya,
bolti haiendi mbele wala nyuma.
Miaka mitatu nimekesha nayo
sare za shule zikishaisha mezani:
mafuta ya taa, msasa,
bisibisi niliyoinoa upya
iingie kwenye skrubu zisizojua vipimo vya leo.
Springi nimevunja mbili.
Kitako kipya kakichonga Kihwele, kwa mninga,
tukakinywesha mafuta ya kitani siku kumi,
Semduba akinung'unika jikoni:
"Nyumba yanuka kama karakana,
na mtoto wa watu hajapata sketi."

Kutu ilipokubali kuondoka
likatokea taji dogo, na mwaka: 1917,
na namba niliyoikariri kuliko ya simu yangu.
Jina hapana. Chuma hakiandikwi aliyekibeba.

Jumamosi, shimo la kokoto nyuma ya misonobari.
Ukungu wa Mafinga umeinuka kidogo tu,
kama shuka la mtu asiyetaka kuamka.
Kopo la maziwa juu ya kisiki, hatua mia.
Nalala kifudifudi juu ya gunia la viazi,
shavu kwenye mninga,
pumzi nusu naitoa, nusu naibana.

Bega likapokea.
Mwangwi ukazunguka shimo, ukarudi umechoka.
Kopo limekaa.
Udongo umeruka kushoto, shubiri moja.
Tena: kushoto.
Tena: kushoto, palepale,
matundu matatu ungeyafunika kwa kikombe cha kahawa.
Bunduki hii haikosei ovyo.
Inakosea kwa nidhamu.

Nikaiinamia kwa kioo cha kutungia sindano.
Ile nundu ya kulengea, kule mdomoni,
imesukumwa kulia, unene wa kucha,
kisha ikagongwa patasi mara mbili
isije ikarudi.

"Ilianguka kwenye lori," Kihwele akasema.
"Wewe unapenda hadithi."
Labda. Lakini lori haligongi patasi
mara mbili mahali pamoja.
Na mimi kazi yangu ni mabega ya watu:
mwanamume wa kawaida, inchi kumi na nane.
Kwa hatua mia, shubiri.
Kwa hatua mia tatu, shubiri tatu,
na mtu aliyesimama upande wa pili
anasikia upepo sikioni,
anarudi kwao, anapalilia mahindi,
hajui kamwe.

Nilikuwa na nyundo ndogo. Nilikuwa na pini ya shaba.
Dakika moja ingetosha.
Nikaishika ile nyundo mpaka mpini ukapata joto,
nikairudisha mfukoni.
Nikalenga hewa, kulia kwa kopo, shubiri moja.
Kopo likaruka likilia.
Kihwele akapiga kofi, akamimina ulanzi.

Saa kumi na moja tukahesabu maganda.
Kumi na tisa.
Tukapiga magoti kwenye nyasi na umande,
watu wazima wawili, tukipapasa kama waliopoteza pete,
afande akitungoja na daftari lake,
giza likishuka misonobarini,
hadi Kihwele alipokunja mguu avue kiatu
na kitu kikalia: ting.
Lilikuwa kwenye pindo la suruali yake,
pindo pana mno
nililomshonea mwenyewe.