Nusu Mzunguko

Uyole, saa kumi na moja alfajiri,
baridi inang'ata, spana hazishikiki.
Tusekile anabana mpira sikioni,
ncha ya pili kwenye bloku ya injini,
anasikiliza kama mkunga.

Petroli ni ileile ya kituo cha jirani;
bodaboda aliyetutangulia kajaza ya elfu mbili.
Hatuna nyingine.
Hewa nayo huku juu nyepesi, ya kugawana,
ndiyo maana tabo linapiga mluzi:
linavuta pumzi ya watu watatu
na kuishindilia kwenye kifua kimoja.

"Ongeza," nasema. Anaongeza.
Kona za Mlima Nyoka, malori ya shaba
tunayapita yamesimama kama nyumba.
"Ongeza tena."

Hapo ukaja mlio: tik.
Mdogo, punje ya kwanza ya bisi sufuriani
kabla wenzake hawajaamka.

Akaondoa mguu.
Kando ya barabara, kwa bisibisi ya marehemu baba yake,
akarudisha nusu mzunguko.

"Farasi ulionao wanatosha.
Hao wengine
mafuta haya hayawalishi."

Jua likaigusa Loleza.
Nikamhesabia noti zake,
injini ikinguruma chini kwa chini, imeshiba.

Mimi bado.