Safu ya Mwisho

Daktari Nakapala amenipa kaunta buku na vocha ya elfu tano.
"Wapigie wote," akasema, "tangu nilipofika Newala."
Ishirini na watatu. Saratani ya utumbo mpana.
Safu ya mwisho, Matokeo, iko wazi
kama shamba lililofyekwa likasahauliwa.

Mikono yake ni ileile ya mabusha kila Jumanne,
ya kina mama wanaopasuliwa usiku kwa mwanga wa tochi,
ya vijana wa bodaboda na mifupa yao.
Bingwa wa utumbo tu yuko Dar,
na Dar ni nauli, ni pa kulala, ni mtu wa kukusindikiza.
Basi wakalala mezani pake.

Nimeanza na Mzee Likwena, Kitangari.
Kapokea mtoto: "Babu yuko juu, anaezeka."
Nimeandika: hai.
Nikaongeza, bila kutumwa: juu ya paa.

Nne hazipatikani.
Ya tano iko kwa mtu wa Tunduru
aliyeuziwa laini hiyo mwaka jana.
Hamjui Fatu Mchopa. Ananipa pole hata hivyo.

Fundi cherehani wa Nanyamba simpigii.
Mshono wa utumbo uliachia siku ya sita;
daktari aliandika mwenyewe, kwa wino,
kisha pembeni, kwa penseli, siku nyingine:
kwa nini?

Somoe Nangomwa anapokea kwa kelele,
nyuma yake magunia ya korosho yanapimwa.
"Mwambie mifuko yake ya tumboni iliisha Machi,
sasa najishonea.
Alisema miezi mitatu ataurudisha utumbo ndani.
Huu mwaka wa pili, karani.
Nakula, napalilia, nagombana na watu wa mizani.
Ila msikitini nakaa karibu na mlango.
Andika hivyo."

Natafuta pa kuandika.
Safu ni nyembamba kama kidole.

Jioni anakuja, ananuka spiriti,
anahesabu, midomo ikicheza.
Kumi na mmoja. Sita. Sita hatujui.
Anarudi kwa Somoe, anasoma mwandiko wangu
uliopanda ukingoni mwa karatasi.
"Atakuja lini?"
"Msimu ukiisha."
Anachukua rula, anachora mstari mwingine,
umepinda; hauandikii kichwa.

Mlangoni anageuka.
"Huyo Likwena,
paa la nyumba, au la jiko?"