Chupa A, Chupa B

Eilif, kasha lako limefika Jumanne,
limepita handaki lililo chini ya bahari
ndani ya gari la posta, pembe zake zimeganda theluji.
Chupa kumi na moja. Nimezihesabu mara mbili,
mazoea ya miaka thelathini na minne katika duka la dawa.

Hapa Vardø jua hatujaliona tangu Novemba.
Dirishani ni giza la saa sita mchana,
jikoni taa ya zambarau,
na chini yake saladi ishirini na nne
zimesimama kwenye mabomba meupe,
mizizi imening'inia majini
kama ndevu za mzee aliyesinzia juu ya supu.

Nikazipanga chupa mezani, nikasoma lebo
kwa miwani, kisha kwa kioo cha kukuzia.
Hii ina radi. Hii ina simba.
Hii yaahidi mizizi ya msituni,
hii maua maradufu.
Maua, Eilif! Kwenye saladi!
Saladi ikichanua imekuwa chungu, mpe sungura.
Nne ni rangi nne za kitu kimoja:
potasiamu kidogo, maji mengi, bei.
Wahenga hawakuziona chupa hizi
lakini walishazimaliza: chema chajiuza,
kibaya chajitembeza.

Mimi nilianza na maji.
Nani humpa mgonjwa dawa kabla ya kumshika mkono?
Maji yetu ya bomba ni mepesi mno,
yametoka thelujini, hayakulala na jiwe lolote.
Kipimo kikasoma sifuri nukta sifuri tano.
Matupu, kama nyumba ya mama baada ya mnada.

Ndipo nikaelewa majani machanga
yaliyokuwa yakiungua nchani, kahawia,
karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa.
Si njaa ile. Ni kalsiamu.
Na yale ya chini, manjano katikati ya mishipa,
yalikuwa yakidai magnesiamu.
Mgonjwa haulizwi uji, wanasema,
ila jani huulizwa, nalo hujibu kwa rangi,
siku nne, tano baada ya swali.

Basi nimebakisha tatu: ya kalsiamu na magnesiamu,
chupa A, chupa B.
Nane nimezirudisha kashani. Usinune.

Sasa soma hapa, maana ndipo niliposhikia kalamu.
A na B hazichanganywi zikiwa nzito.
Nilijaribu, kwa ukaidi wetu ule,
kwenye glasi ya mvinyo:
kalsiamu ya hii ikaivaa salfeti ya ile,
chini pakatulia unga mweupe, chaki,
mzizi hauwezi kuila, wala kukoroga hakuirudishi.
Na hakuna iliyo mbaya kati yao.
Mimina A kwenye ndoo iliyojaa, koroga, ngoja
maji yasahau, halafu B,
zinapishana bega kwa bega bila neno.

Nilikaa na glasi ile hadi taarifa ya habari.
Nikaiona ofisi ya wakili, mimi na wewe
kiti kwa kiti, hata birika la kahawa katikati hakuna.

Leo ndoo imesoma moja nukta moja.
Nimetia matone sita ya asidi, la saba nikalizuia.
Mizizi ni myeupe, ukiivuta inakuvuta.
Majani mapya hayana kovu. Ya zamani
yatabaki na makovu yake, hayo hayaponi,
lakini yanaliwa.

Njoo Jumamosi, na basi la saa tisa.
Lete siagi. Chupa, hata moja, usilete.
Tutaanza na hali ya hewa,
ndoo nzima ya hali ya hewa,
upepo, barabara, goti lako,
kisha, tone kwa tone,
ile nyumba.