Mia Tatu na Hamsini

Musembi ananiuliza bila kutua nyundo:
"Nikulipe kwa nini, na vya bure vimejaa simuni?"
Nyundo inajibu kabla yangu, ko, ko, ko,
na Kamukunji nzima inaitikia,
bati kwa bati, kibanda kwa kibanda,
hadi swali lenyewe linapondwa likawa bapa.

Ni wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa.
Masanduku yamepangwa mpaka barabarani,
ya buluu, meusi, moja la waridi lililoagizwa na nani sijui,
na kila moja lilianza kama bati la futi nane kwa nne
na mtu aliyeinama na chaki, akikisia.

Aprili yote niliketi hapa juu ya ndoo ya rangi
nikihesabu vipande anavyotupa,
vyembamba kama utepe,
vinavyouzwa kwa kilo, kwa bei ya kusikitisha.
Nikarudi chumbani kwangu Umoja, nikaandika programu
inayojua jambo moja tu duniani:
jinsi ya kulilaza sanduku juu ya bati
kabla mkasi haujafungua mdomo.
Haipigi picha. Haikusalimu asubuhi.
Inajua kunjo la nusu inchi.
Inajua kwamba geji thelathini hukubali kona
ambayo geji ishirini na nane huikataa.

"Ile ya bure," anasema, "kijana wa hapo nyuma anayo."
Naijua. Nimeifungua, nimeisifu.
Iliandikwa na mtu mkarimu, penye theluji labda,
kwa ajili ya mbao, kwa milimita,
na kunjo hailijui, maana ubao haukunjwi.
Kijana wa hapo nyuma hujumlisha kunjo kichwani,
na Jumanne vifuniko vyake kumi na viwili
vilitoka vifupi kwa upana wa kidole.

Lakini nisijifanye mtakatifu.
Nami nimejenga juu ya vya bure.
Lugha niliyoiandikia sikuinunua,
na usiku nilipokwama, mtu nisiyemjua
alikuwa ameniachia jibu miaka sita kabla,
bila kudai hata soda.
Siku nyingine hili huniamsha saa tisa za usiku:
nimekula karamu ya watu, sasa nauza sahani?

Jibu zuri sina. Nina kodi tarehe tano.
Nina kompyuta yenye mstari wa kijani katikati ya kioo,
ambao nimeuzoea kama kovu la ndugu.
Na nina simu. Simu hasa.
Kona ikikataa saa nne usiku,
Musembi hampigii mkarimu wa theluji.
Ananipigia mimi, na mimi, nikiwa na mswaki mdomoni,
namwambia: nisomee namba, polepole.

Mama mmoja anasimama, anagonga kifuniko kwa kucha.
"Elfu mbili na mia nne? Dada yangu ana kuukuu, atanipa bure."
Musembi anatua nyundo, mara ya kwanza tangu asubuhi.
"Chukua la dada yako, mama. Kagua bawaba.
Kagua na hapa, pa kufuli. Likikufaa, Mungu ni mwema.
Lisipokufaa, mimi nipo, hapa hapa, mpaka Jumapili."
Hakuniangalia aliposema.
Nami nikajitia kuitazama ndoo.

Mama ameondoka. Sijui kama atarudi.

Musembi anafuta mikono kwenye suruali, anatoa simu,
anabonyeza kwa kidole kilichowahi kukatwa na bati,
namba moja, anapumua, namba nyingine.
Mfukoni mwangu kitu kinatetemeka.
"Mia tatu," nasoma. "Na hamsini?"
"Hamsini tutainywa chai."
"Chai atanunua nani?"
"Wewe," anasema, na nyundo inarudi kazini,
ko, ko, ko, juu ya sanduku la waridi.