Ile Inayosogea

Kazi yangu ni kutazama vioo.
Si vya kujipambia. Ni mabamba ya anga
ambamo usiku umegeuzwa ndani nje:
mbingu nyeupe, nyota nyeusi,
kama pilipili manga iliyomwagikia shuka.
Bamba moja lilipigwa Machi, mwenzake Septemba,
nami nayalaza bega kwa bega chini ya lenzi
huku jiko la makaa likiniunguza goti moja
na baridi ya Kordoba ikilila la pili.

"Tafuta inayosogea," aliniambia Bwana Ludueña
siku ya kwanza, akainua dole gumba.
"Fumba jicho la kushoto. Haya, sasa la kulia.
Umekiona kidole kilivyoruka?
Na ule mnara wa kanisa, dirishani?"
Mnara haukuruka.
"Basi hesabu yote ni hiyo.
Cha mbali hakijali umehamia wapi."

Miezi sita dunia inatubeba mgongoni,
sisi na masufuria yetu na madeni yetu,
hadi ng'ambo ya pili ya jua,
kilomita milioni mia tatu,
safari ambayo hakuna aliyeifungia mizigo.
Ukirudi kuzitazama, nyota maelfu zipo pale pale,
kimya, kama wakubwa waliokuja msibani kwa itifaki.
Moja tu imejongea:
theluthi ya unene wa unywele.
Naandika tarakimu. Nafuta. Napima tena.

Nilidhani jirani angekuwa Shira,
yule anayewaka hadi mbwa wanambwekea,
au Rijili Kantori, anayeuelekeza kidole Msalaba wa Kusini,
ambaye hata muuza maziwa anamjua.
Nao ni wa karibu, sikatai.
Lakini aliyewapita wote kwa ukaribu
ni kijekundu fulani, dhaifu,
hakionekani hata uwe na macho ya kipanga.
Wamekiita Proksima, yaani jirani wa mlango kwa mlango,
na bado nuru yake hutembea miaka minne na ushei
ndipo ibishe hodi.
Wenzake wengi wako vivyo hivyo:
vijijua vya makaa, vimetuzunguka pande zote,
na hakuna mchunga ng'ombe wa nyikani
aliyewahi kuvifuata kurudi kwake,
hakuna mchumba aliyeapa kwa jina la kimojawapo.

Sikutaka kusema habari za Delfina.
Ila ukuta wetu ni wa tofali moja.
Dada yangu, tumbo moja, ziwa moja,
huu mwaka wa sita hatujasemezana,
sababu cherehani ya mama,
ambayo siku hizi wala haishoni.
Namsikia akikohoa. Nalisikia birika lake.
Najua siku alizoishiwa sukari
kwa namna kijiko kinavyonyamaza kikombeni.

Machi, mvua ya mawe ilipotoboa dari,
nilikivuta kitanda changu kutoka ukuta wa barabarani
nikakisukuma hadi kwenye ukuta wetu.
Miguu ya chuma ilipiga kelele sakafuni,
mtaa mzima ukajua.
Nikalala. Taa nikazima.
Halafu, upande wa pili,
kitanda kikaburutwa.

Kidogo tu.
Siwezi kuapa kama kilikuja au kilikwenda.

Kipimo kimoja si kipimo, husema Bwana Ludueña.
Bamba huweza kuwa na vumbi,
mkono huweza kutetemeka,
mtu huona anachokitamani.
Ngoja Septemba.

Sasa ni Julai.
Nimenunua sukari kilo mbili,
mimi ambaye chai nainywa chungu
tangu usichana.