Daftari la Thelathini na Mbili

Kabati la Matema hufunguka kwa teke.
Madaftari thelathini na moja, mende wamekula pembe,
mwandiko wa Mwakipesile, wino wa buluu:
*saa tatu asubuhi, mita sita.
Saa tisa alasiri, mita tisa. Kikombe kimoja kimepasuka.*

Mhandisi Tupokigwe alitaka mwelekeo.
Kusini mashariki, nikamwambia.
Akacheka. Mwelekeo wa miaka, bwana:
ziwa litavuma hivihivi
mwanangu akiwa na wajukuu?

Nikaingiza tarakimu usiku kucha, jenereta likikohoa.
Mstari ukatoka. Unashuka,
taratibu, kama mtu anayeteremka Isyonje na gunia la viazi.
Upepo unatuishia, nikasema.

Akatoka nje, akautazama mlingoti,
akaitazama mikaratusi iliyouzunguka.
"Hii ilipandwa lini?"
Sabini na tisa. Miche ya shule, kimo cha goti.

Upepo haukupungua.
Miti ilikua.

Na Machi ya themanini na sita,
siku tisa: sufuri, sufuri, sufuri.
Mama muuza mchele ndiye aliyekumbuka:
Mwakipesile alikuwa matangani, kafiwa na mke.
Nikazifuta zote tisa.
Kutopimwa si kutulia.

Leo tuko kilomita nne ndani ya Nyasa,
boya la manjano, mnyororo, vikombe vitatu vipya.
Tupokigwe anatapika pembeni, kalamu mdomoni mwangu.
Huku hauoti mti.

*Saa tatu asubuhi, mita kumi na moja.*

Nukta moja.
Mstari, bado.