Kwa Kifupi

Walikuja watatu na gari jeupe,
watu wa kile kipindi cha vichekesho
cha Ijumaa usiku, baada ya matokeo ya mpira.
Wakauliza: maji ya Igurusi yameenda wapi?
Swali zuri. Nikawapa viti.

Mimi ndiye karani wa zamu za maji.
Daftari langu lina miaka kumi na moja na madoa ya chai.
Nikawafungulia ukurasa kwa ukurasa:
mvua ya Novemba iliyofika Januari;
lango la tatu, bawaba imeliwa na kutu,
na barua ya kuomba nyingine, nakala sita, zote zina mhuri;
mashamba mapya kule juu, mengine ya watu wa hapa hapa,
moja la shemeji yangu (nalo nikalisema);
ng'ombe, ndiyo, na ng'ombe pia,
ila Maduhu hulipa ada ya mfereji
kabla ya wenye mpunga.

Saa tatu nzima.
Kijana wa kamera akapiga miayo kwa adabu.
Mwenye kipaza sauti akainama:
"Mama Tusekile, kwa kifupi, mbaya ni nani?"

Kwa kifupi.
Mfereji hauna kifupi.
Una kona, una magugu, una mtu aliyefungua usiku
na mwingine aliyemwona akanyamaza
kwa kuwa juzi alifungua yeye.

Ijumaa tukajazana dukani kwa Nzunda.
Muziki ukapiga kama bondia anaingia ulingoni.
Ng'ombe wakapita, kundi lile lile
likarudishwa mara nne lionekane jeshi.
Maduhu akageuka, uso umekunjamana;
siku ile alikuwa anatazama jua.
Kisha mimi:
"Maji yamekwisha."

Nilisema: maji yamekwisha zamu ya huku,
Alhamisi yanaanza ng'ambo.
Sentensi yangu ilitoka nyumbani na miguu minne,
imerudi inaruka kwa mmoja.

Na niseme kweli, maana kazi ya daftari ndiyo hiyo:
nilipendeza. Kitenge kilitokea vizuri.
Nilimwambia mwanangu anirushie kwenye simu,
nikaitazama mara tatu
kabla sijagundua kwamba mke wa Maduhu
ameondoka dukani bila kuchukua chenji.

Jumatatu watoto wana mchezo mpya: Nani Mbaya.
Kijiti ndicho kipaza sauti.
Mtoto wa Maduhu wanamchezesha,
ila hapewi kijiti.

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri,
maji yakaingia ng'ambo,
membamba, na majani, na kandambili moja ya mguu wa kushoto.
Hapakuwa na muziki. Baridi tu, na vyura wawili watatu.
Nikaandika:

Yamefika. Kina, vidole vitatu.
Walioinua lango: Maduhu na shemeji.
Bawaba bado.